Nilipopiga Besi Chini ya Chumba cha Neil

Tangazo nililikuta ndani ya lifti. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kukagua lifti za majengo ya kaskazini mwa Stockholm, na asubuhi ile nilikuwa nimejifungia katika lifti ya jengo la ofisi kule Kista, nimeisimamisha katikati ya orofa mbili kama utaratibu unavyotaka, nasubiri taa ya dharura iwake. Ilipowaka iliangaza bango lililobandikwa ukutani: wanaume watatu wenye mvi, wamesimama mbele ya ukuta wa matofali, na hakuna anayemtazama mwenzake. Brick Lanterns wanarudi, bango lilisema. Wataipiga albamu yao ya pili yote, mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo hawajawahi kulifanya mbele ya watu, na wataanzia Stockholm ambako albamu hiyo ilirekodiwa. Niliyasoma maneno hayo nikiwa nimesimama katika kisanduku cha chuma kisichokwenda juu wala chini. Kisha nikamaliza ukaguzi, nikaandika kwamba lifti ni salama, nikashuka kwa ngazi.

Msomaji ambaye hajawahi kuwasikia Brick Lanterns huenda ameusikia wimbo wao mmoja bila kujua ni wao. Unaitwa kwa jina la mfereji uliopita nyuma ya viwanda vya mji wao, kaskazini mwa Uingereza, na sisi tuliokuwa katika nyumba ulimorekodiwa tuliuita tu wimbo wa mfereji. Hupigwa madukani watu wakichagua maziwa, hupigwa kwenye mechi za magongo ya barafuni wachezaji wakiingia. Unaanza na gitaa la besi peke yake, kabla ya dramu, kabla ya sauti ya mtu. Wanaojua mambo ya muziki wameandika mengi juu ya besi ile, na wote humsifu Neil, ambaye jina lake limechapishwa kwenye jalada. Neil hakuipiga. Niliipiga mimi, nikiwa mwanafunzi, katika orofa ya chini ya ardhi ya nyumba ya mbao huko Hässelby, naye Neil akiwa amelala kitandani orofa mbili juu ya kichwa changu. Hilo sikumwambia mtu yeyote. Hata Rehema, mke wangu, alichojua ni kwamba wimbo ule ukianza redioni mimi huinuka na kuizima. “Wimbo wa watu umekukosea nini?” alikuwa akiniuliza, mikono yake ina unga. Nami nilijibu kila mara kwamba kichwa kinauma. Kwa hesabu ya Rehema mimi ni mtu wa kuumwa kichwa sana.

Mwaka ule nilikuwa nimepanga chumba Hjulsta na kusomea uhandisi katika chuo cha mjini. Jumapili nilipiga besi katika ibada yetu ya Waafrika Mashariki, kwenye ukumbi wa kukodi uliokuwa na harufu ya kahawa ya kikundi kilichotutangulia. Wakenya tulikuwa wengi, Watanzania wachache, na Wakongo ndio waliotuimbisha. Siku moja alikuja fundi wa sauti wa Kiswidi, Göran, mtu mrefu asiyependa maneno, kuirekodi kwaya yetu. Baada ya ibada alinifuata nikikunja nyaya, akaniuliza nilijifunzia wapi. Nilimwambia kwamba kabla ya kuja Ulaya nilipiga muziki wa benga katika hoteli moja ya Kisumu. Akaitikia kwa kichwa kana kwamba nimemtajia dawa anayoijua. “Nina Waingereza nyumbani kwangu,” alisema. “Wana shida ya besi. Unaweza kuja kesho?” Nilidhani chombo kimeharibika.

Siku iliyofuata nilipanda treni ya buluu hadi Fridhemsplan, nikabadili kuingia ya kijani, nikafika mwisho wa reli. Nyumba ya Göran ilikuwa karibu na ziwa, ya mbao iliyopakwa rangi ya manjano, na madirisha yake yalikuwa na vioo viwili viwili kuzuia baridi, kwa hiyo ukiwa ndani husikii hata upepo. Studio ilikuwa chini ya ardhi. Jiko lilikuwa juu yake, na juu ya jiko vyumba vya kulala. Jikoni nilimkuta kijana mwenye mabega mapana anakaanga mayai huku akizipiga pembe za meza kwa vijiko. Huyo ndiye Des, mpiga dramu, na ndiye aliyenieleza shida ya besi kabla sijavua koti.

“Chombo ni kizima,” alisema. “Mwenyewe ndiye kaharibika.”

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Watoto watatu wa mtaa mmoja, Ray, Neil na yeye Des, walianzisha bendi wakiwa shuleni. Wimbo wao wa kwanza uliwatoa katika vilabu vya pombe ukawaweka kwenye televisheni. Muziki wa wimbo huo aliutunga Neil, jikoni kwa mama yake. Jalada lilipochapishwa, mtunzi alikuwa Ray peke yake. Ray, aliyekuwa mwimbaji na mpiga gitaa, alisema ni makosa ya mchapaji. Lakini makosa hayo hayakurekebishwa katika chapa ya pili, wala ya tatu. Meneja wao, Bwana Lyle, akaona dawa ya ugomvi ni kuwatoa Uingereza na kuwafungia mahali pasipo na marafiki wala waandishi wa habari, mpaka albamu ya pili iishe. Mkataba ulisema wote watatu lazima wawepo katika nyumba hiyo hadi siku ya mwisho, na kwamba wote watatu lazima waisikilize kazi na kuikubali ndipo itoke.

“Neil akausoma,” alisema Des, akinisukumia yai moja. “Akaja. Akapanda ngazi, akalala. Mkataba unamtaka awepo, hausemi apige.”

“Na sasa?”

“Sasa yupo.” Akainua kijiko akakielekeza darini. “Amekuwepo wiki nzima.”

Bwana Lyle alifika alasiri, akaniomba nikae naye mezani. Alikuwa mtu mpole, mwenye kola safi, na sijawahi kumsikia akipandisha sauti. Alisema ningepiga besi kwenye nyimbo zote, nipate posho na chakula, na kwenye jalada liandikwe jina la Neil, kwa kuwa wanunuzi wanaijua bendi ya watu watatu. Alitaka neno langu tu, kwamba sitasema. Akauliza, kama mtu anayeulizia hali ya hewa, kibali changu cha kukaa Uswidi ni cha nini. Nikasema cha masomo. “Si cha kazi,” alisema. Nikasema si cha kazi. “Basi sisi sote ni wageni hapa,” akasema, akatabasamu, “na mgeni mzuri hapigi kelele.” Nilimpa neno langu na mkono wangu. Katika ibada yetu tulifundishwa kwamba ndiyo ya mtu iwe ndiyo. Nilikuwa kijana, nikidhani fundisho hilo halikujali ndiyo hiyo imetoka vipi.

Nikiikumbuka nyumba ile naikumbuka kwanza kwa chai. Wale Waingereza walikuwa na desturi ambayo hawakunieleza, nikaigundua kwa kutazama. Anayewasha birika huwatengenezea wote waliomo nyumbani, bila kuuliza anayetaka, na anayewekewa kikombe hasemi asante. Chai yenyewe ni pakiti, maji, na maziwa kidogo ya kuichafua. Lakini ndani ya vikombe hivyo mlikuwa na maneno yote wasiyoweza kuambiana. Ukimtukana mwenzako asubuhi, saa nne unamtilia chai na kuiweka karibu na mkono wake, na mambo yamekwisha. Ray, ambaye kwa ulimi hakuwahi kumwomba radhi mtu mbele yangu, kila alasiri alitia kikombe cha Neil, akakiweka kwenye kidato cha chini cha ngazi, akarudi studio bila kutazama juu. Kila jioni nilikikuta pale pale, utando umetanda juu yake, nikakimwaga. Mimi niliwapikia chai ya kwetu mara moja, ya sufuria, maziwa na majani vimechemka pamoja na tangawizi. Des alikunywa akafumba macho. “Profesa,” aliniambia, maana aliniita hivyo kwa ajili ya vitabu vyangu, “hii ni supu. Ni supu nzuri, lakini ni supu.” Ray alionja, akaenda kuwasha birika.

Chakula cha Neil nilikipandisha mimi, kwa sababu Ray hakuthubutu na Des alisema akimwona atacheka. Siku ya kwanza nilibisha kwa kiwiko.

“Nani?”

“Chakula.”

“Chakula kina jina?”

“Odhiambo.”

“Ndiye wa besi?”

“Ndiye.”

Kitanda kililia. “Unamkimbia mpiga dramu,” ilisema sauti.

“Simkimbii. Yeye ndiye anayechelewa.”

Nikasikia kicheko kidogo, cha mtu ambaye hajacheka siku nyingi. “Mwambie mwenyewe.”

“Nimeshamwambia.”

“Akasemaje?”

“Akasema chai yangu ni supu.”

Alifungua mlango. Alikuwa mwembamba, ana soksi za sufu miguuni, na sakafu ya chumba chake alikuwa ameiondolea zulia. Nilielewa kwa nini. Alikuwa analala na kutusikiliza. Toka siku hiyo aliniita jirani, nami nikamwita jirani, na kila jioni sahani ilipopanda kulikuwa na neno la kubadilishana. Hakuuliza kamwe kama Ray amemtaja. Aliuliza Ray ameimba wapi, amesimama wapi, amevuta pumzi wapi.

Kuhusu ule mwendo wangu wa kukimbia, alichosikia alikisikia sawasawa. Kwao besi hukaa nyuma ya dramu kama mtu anayesukuma mkokoteni. Kwetu sisi tuliojifunza benga, besi ndiyo iliyotangulia, mpiga ngoma alituangalia vidole, na gitaa likaja likiruka juu yetu. Siku za kwanza studio ilikuwa vurugu. Mimi namsubiri Des anifuate, Des ananisubiri mimi nimfuate, na Ray katikati amezivua spika za masikioni, anatutukana sote kwa usawa. Wimbo wa mfereji ulikuwa umewashinda hata kabla sijaja. Ulikuwa mzito, unavutwa kama gunia lililolowa. Alasiri moja, nje kumeshaingia giza kama ilivyo huku wakati wa baridi, nilichoka kusubiri. Nilianza peke yangu, kwa mwendo wa kwetu, nikazunguka mara kadhaa. Des aliinuka, akaligeuza stuli lake lote, akakaa akiniangalia mimi badala ya ukuta, ndipo akaingia. Ray aliimba mpaka mwisho bila kusimama. Göran, nyuma ya kioo, alikuwa ameweka mikono miwili kichwani. Kisha kutoka juu kabisa, kupitia mbao za orofa mbili, tukasikia kisigino kikigonga sakafu, polepole, kwa mapigo ya mwendo wangu uleule.

“Anatupigia makofi?” Des aliuliza.

“Anagombana,” alisema Ray, na uso wake ulikuwa umewiva.

Nimeandika ripoti nyingi maishani, na najua hatari ya kutia katika ripoti jambo usilolishuhudia. Kwa hiyo sitasema nilichodhani Neil alihisi. Nitasema tu kwamba jioni ile sahani yake ilirudi na chakula chote.

Msimu ule wa baridi ulikuwa mrefu. Nilikuwa nikitoka Hjulsta gizani, nasoma chuoni chini ya taa, nashuka Hässelby gizani, naingia chini ya ardhi. Mitihani ilikuwa inakaribia na nilikuwa nabaki nyuma. Nilimwendea Bwana Lyle nikasema nataka kuacha, wamtafute Mswidi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alisema anaelewa kabisa. Alisema pia kwamba ingekuwa vigumu kumweleza mtu wa pili bila kumtaja wa kwanza, na kwamba mambo kama haya yakianza kusemwa hayachagui yatafika ofisi gani. Nikashuka nikawasha chombo. Ray alikuwa na mkataba wake, Neil alikuwa na mkataba uleule, Göran alikuwa na nyumba yake iliyojaa wageni wasioondoka. Tulipishana jikoni tukifungua na kufunga friji. Wakati mwingine Des alisimama dirishani akipumua kwenye kioo, akichora nyuso, akizifuta.

Barafu ya ziwani ilipoanza kulia na kupasuka, albamu iliisha. Ikabaki kuisikiliza. Neil alishuka, mara ya kwanza, akiwa amevaa viatu. Alikaa juu ya sanduku la nyaya, magoti yakiwa karibu na kidevu, nasi tukasimama, maana hakuna aliyetaka kukaa akiwa mbele yake. Alizisikiliza nyimbo zote bila kubadilisha uso. Wimbo wa mfereji ulipoanza alifumba macho.

Mwishoni Bwana Lyle akasema, “Basi?”

“Ni nzuri,” alisema Neil. “Nimekubali. Andikeni jina lake.”

“Jina la nani?” Ray aliuliza, ingawa Neil alikuwa ananinyooshea kidole.

“La aliyepiga.”

“Bendi hii ina watu watatu.”

“Ulinifuta katika wimbo wangu,” Neil akamwambia. “Sasa unaniandika katika wa mwingine. Amua, Ray. Mimi ni nani hasa?”

Bwana Lyle hakumtazama yeyote kati yao. Alinitazama mimi. “Odhiambo ana maoni?” aliuliza kwa upole.

Wote wakageuka. Chumba kile hakikuwa na dirisha, na kuta zake zilikuwa zimefunikwa sponji ili sauti isirudi, kwa hiyo mtu ukinyamaza humo kimya kinakubana masikioni kama maji. “Nilitoa neno langu,” nilisema.

Neil aliinua kichwa akakubali taratibu, kama daktari anayesikia alichotarajia. Alipanda, akashuka na begi. Sisi wengine tulikuwa tumekwenda jikoni bila kupanga. Ray aliwasha birika. Alitoa vikombe kabatini, akavipanga, vyetu sote na cha Neil, kwa mazoea. Mlango wa mbele ukafunguka. Ray akakishika kikombe cha mwisho, akakitazama, akakirudisha kabatini. Des aliyaona hayo akiwa ameegemea friji. Alichukua koti lake, akampita Ray, na yeye pia akatoka, na birika likaendelea kuchemka mpaka likajizima. Hivyo ndivyo bendi ile ilivyovunjika. Magazeti yaliandika habari za dawa za kulevya na mwanamke. Mimi nilikuwepo, kilikuwa kikombe.

Nilimkuta Neil njiani, amepotea tayari, nikamsindikiza hadi stesheni ya Hässelby strand. Tope la theluji lilikuwa linatuingia viatuni. “Kwa nini hukusema?” aliniuliza.

“Wewe ukirudi kwenu na hasira utakuwa mtu mwenye hasira,” nilimwambia. “Mimi nikirudi kwetu bila shahada nitakuwa nani?”

Alifikiri. “Haki yako,” alisema, na treni ikaja.

Albamu ilitoka bendi ikiwa haipo, na pengine ndiyo sababu watu waliipenda kupita kiasi. Nilifaulu mitihani kwa shida, nikapata kazi, nikamwoa Rehema, mwenyeji wa Mwanza niliyemkuta katika kwaya ileile. Tukahamia Akalla, tukamzaa Akinyi, ambaye tunamsemesha kwa Kiswahili naye anatujibu kwa Kiswidi, na sote tunaelewana. Besi niliiuza. Kila mara wimbo ulipokuwa unaanza mahali fulani, nilikuwa nikitafuta mlango. Mtu anaweza kufikiri ilikuwa hasira, lakini hasira ina raha yake. Mimi nilikuwa nasikia vidole vyangu vya ujana, nilijua palipo na kosa dogo katika mzunguko wa pili ambalo Göran alikataa kulifuta, na sikuwa na mtu hata mmoja duniani wa kumgusa bega nikamwambia, sikiliza hapo.

Baada ya lile bango la Kista, simu ililia, na aliyepiga alikuwa Neil. Göran, mzee sasa, ndiye aliyetoa namba. Jumamosi Neil alikuja Akalla kwa treni, amebeba gitaa la besi mgongoni, nywele zimebaki pembeni tu. “Jirani,” alisema mlangoni. Rehema, ambaye nilimwambia ni rafiki wa zamani wa chuo, alimkaribisha shemeji, akaenda kukaanga samaki. Tukakaa sebuleni. Aliniambia Bwana Lyle amefariki. Aliniambia Ray alimpigia baada ya mazishi, wakazungumza mambo ya hali ya hewa kwa muda mrefu, mpaka Ray akasema ametia chai na kwa makosa ametia vikombe viwili. Walikuwa wamepatana, kwa namna yao. Kisha akalitoa lile gitaa kwenye mkoba.

“Siwezi kuupiga,” alisema. “Miaka yote hii wananisimamisha barabarani kunishukuru kwa ajili ya wimbo huo, na siwezi kuupiga.”

Alijaribu mbele yangu. Kila noti ilikuwa mahali pake na wimbo haukuwemo. Alikuwa anaisubiri dramu isiyokuwepo. Nilimwonyesha kwa kupiga mguu, nikamshika kiganja, nikamwambia aache kusukuma. Alijaribu tena na tena, jasho likamtoka. Mwishowe aliweka chombo kwenye kochi, kati yetu, akasema bila kuniangalia, “Ray ana wazo. Nyuma ya jukwaa kuna pazia. Utakuwa na kiti kizuri na kila kitu. Utapiga wewe, mimi nitasimama mbele.”

“Pazia gani?” Rehema alikuwa mlangoni na sinia la samaki. Kiingereza chake ni cha shule, lakini masikio yake ni ya mama. Alimtazama Neil, akalitazama gitaa, akaitazama mikono yangu. Kisha nikamwona anaelewa, kitu kimoja baada ya kingine, kama taa za ghorofa zinapowashwa. “Ule wimbo,” alisema kwa Kiswahili. “Unaouzimia redio.”

Nilimwambia Neil hapana. Nilishangaa lilivyokuwa neno fupi. Nilimwambia kwamba sitakaa nyuma ya pazia, hata kiti kiwe cha mfalme, na kwamba kama Ray anataka besi ile basi aiombe kwa mwenye nayo, mbele ya watu. Neil aliitikia kwa kichwa, taratibu. Alikula samaki wote, akashukuru, akarudi mjini.

Rehema aliosha vyombo kwa kelele huku nikimsimulia yote, tangu neno nililompa Bwana Lyle hadi kifo chake. “Kwa nini hukuniambia?”

“Nilitoa neno langu.”

“Kwao. Na mimi nilikuwa nani? Mpangaji?”

“Nilidhani neno ni neno.”

“Aliyepewa neno amekufa, baba Akinyi. Unamtunzia nani?” Alifunga bomba. Akasema, kwa sauti nyingine, “Na kichwa. Kwa hiyo hakijawahi kukuuma hata siku moja?” Nikasema kiliuma kweli. Akanitazama, akaniamini.

Tiketi alizinunua Akinyi, ambaye alidhani anamfurahisha baba tu, maana Rehema alikataa kumwambia. “Hiyo kazi ni yako,” alisema. Rehema alikuwa na zamu hospitalini, kwa hiyo tulikwenda wawili. Ukumbi ulikuwa umejaa watu wa rika langu, wameshika bia kwenye vikombe vya plastiki. Watatu wale wakatoka, na ukumbi ukanguruma. Walipiga wimbo wa kwanza na wa pili vizuri, kama wazee wanaopanda ngazi kwa uangalifu. Neil alifuata besi zangu kwa namna yake, nyuma ya dramu, na nyimbo hizo zikavumilia. Kisha Ray akarudi nyuma ya maikrofoni, taa zikapungua zikabaki juu ya Neil peke yake, na watu wote waliokuwa wanaongea wakanyamaza, kwa kuwa kila mmoja wao alijua kinachokuja kinaanza na nini.

Neil alisimama kwenye ile taa. Aliinua mkono wake wa kulia, akautoa kwenye nyuzi, akaushusha ubavuni. Hakupiga. Watu walisubiri. Mtu fulani akapiga mluzi, wengine wakapiga makofi ya kumtia moyo, wakadhani vyombo vimeharibika. Ray alimtazama, kwa muda mrefu, na hakumwambia kitu wala hakumzuia. Mwendo mzima wa besi ulipita vile, kimya, mzunguko wa kwanza, mzunguko wa pili na lile kosa langu ndani yake, na mimi niliusikia wote, hata noti moja haikukosekana, ndipo Ray akaanza kuimba juu yake, peke yake.

“Pappa,” Akinyi alininong'oneza kwa Kiswidi, akinivuta mkono wa koti, “kwa nini yule hapigi?”

“Hapo si pake,” nilisema.

“Pa nani, basi?” Hilo alilisema kwa Kiswahili.

“Pangu.”

Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Mwanamume aliyekuwa mbele yetu aligeuka, uso umekunjamana, akaweka kidole mdomoni kuninyamazisha. Nikamtazama, nikarudia kwa Kiswidi, polepole, ili naye asikie vizuri.